Zamu ya Ramazani

Najua wewe ni mtu wa kutaka ushahidi. Mimi pia. Nimefundisha fizikia maisha yangu yote hapa Kisangani, na mtu akiniletea habari za mizimu huwa namuuliza kwanza alikula nini jana yake. Kwa hiyo nikikuambia kwamba nilikaa na marehemu, nikaongea naye, nikaona vumbi miguuni pake, usidhani nimeokota maneno ya matangani. Yalinikuta mimi mwenyewe, mchana, jua likiwaka. Wenzangu mizimu yao huja usiku. Wa kwangu alikuja mchana kwa sababu kazi yetu ilikuwa kusikiliza jua, na jua, unajua mwenyewe, usiku halipo.

Ngoja nikueleze kazi hiyo, maana bila hiyo hutaelewa.

Ilikuwa miaka ya vita, ile ambayo majeshi ya wageni yalikuwa yamejigawia mji wetu. Chuo kikuu leo kimefunguliwa, kesho kimefungwa. Mimi nilikuwa asistenti, mwalimu msaidizi wa chuo, asiye na wanafunzi. Rafiki yangu Kambale, tuliyesoma naye fizikia kabla hajarudi kwenye biashara ya ukoo wao, alikuwa na duka la vipuri vya redio pale mtaa wa Makiso, duka lisilo na wateja. Watu wawili hawana kazi, mmoja ana waya tele na mwingine ana maneno tele, watafanya nini? Tukaamua kutengeneza darubini ya redio.

Usicheke. Darubini ya redio si lazima iwe na kioo. Yetu ilikuwa waya tu: unautundika juu, unauunganisha na redio ya masafa mafupi, na jua likichafuka unalisikia, mvumo kama mvua inayopiga mabati ya jirani. Lakini waya mmoja unadanganya. Mashine ya kusaga inavuma, jenereta ya askari inavuma. Ukiwa na waya tatu, kila mmoja mbali na mwenzake, na zote zikasikia kitu kilekile dakika ileile, hapo unajua ni jua. Basi wa kwanza tuliuweka kwangu Makiso, wa pili kwa shemeji yake Kambale karibu na maporomoko ya Tshopo, wa tatu ng'ambo ya mto, Lubunga. Kila waya ulikuwa na redio yake ya kaseti ya kunasia mvumo, na saa zetu tulizilinganisha kwa ule mlio wa redio kabla ya habari. Kusema hewani hatukuthubutu. Antena inayosikiliza tu askari waliivumilia, inayosema ingetutia kifungoni.

Lakini ugumu haukuwa waya. Ugumu ulikuwa kupanga. Nani anakaa wapi, betri ipi inachajiwa lini, maana umeme wa Tshopo ulikuja ukipenda, na nani anavuka mto kutengeneza kilichoharibika. Kambale alikuwa na kompyuta moja kuukuu nyuma ya duka, akaiandikia programu ya kupanga hayo yote. Ilikuwa programu yenye kichwa kigumu kama mwenyewe. Kila kituo lazima kiwe na jina la mlinzi, na pasipo jina inakataa siku nzima, vituo vyote vitatu. Kambale alisema watu wa mji huu kila mmoja hudhani mwenzake atakwenda. Tena mtu mmoja haruhusiwi vituo viwili. Na mlinzi akibadilishwa, yule wa zamani na yule mpya lazima waandikwe pamoja zamu moja, wakabidhiane kazi.

Makiso niliandikwa mimi, Tshopo akaandikwa Kambale. Lubunga je?

Kiwanja cha Lubunga kilikuwa cha Mama Aziza, mjane wa zile familia za Kiislamu za zamani, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi. Alikubali tutundike waya kati ya michikichi yake miwili, hakudai chochote. Tulipomuuliza nani atakuwa mlinzi, alijibu papo hapo.

"Andika Ramazani. Mutoto yangu. Iko fundi ya redio ya chemin de fer."

Akasema huyo fundi wa reli yuko upande wa Ubundu, kule reli inakoishia, lakini kila Alhamisi atakuwepo. Alhamisi na si siku nyingine. Sisi tukaona sawa, tukaandika. Kila juma kompyuta ikatoa ratiba: Lubunga, Ramazani. Na kila Ijumaa, baada ya sala, Mama Aziza alivuka kutuletea kaseti.

Kaseti zile zilikuwa safi kupita zetu mara mia. Lazima nikuambie jambo: mwili wa mtu ukisogelea waya, mvumo unazama, kama mtu aliyefunikwa na blanketi. Kwangu baiskeli za toleka zilipita chini ya waya na abiria wao. Kwa Kambale shemeji yake alianika nguo juu yake. Lubunga hakuna hata kikohozi. Kambale alikuwa akinung'unika kwamba huyo Ramazani ndiye mlinzi wa kweli na sisi ni wapiga debe.

Alhamisi moja redio yangu ilitafuna kaseti, nikabaki sina la kufanya. Nikasema niende nikamshukuru huyo fundi. Nikavuka kwa pirogi. Mvua ilikuwa imenyesha juma zima, Lubunga yote ni matope. Nilimsikia Mama Aziza jikoni nyuma ya nyumba, anatwanga majani ya muhogo, pondu yetu, nikapitiliza uani bila kumsumbua.

Kijana alikuwa ameketi kwenye kigoda chini ya waya, visikizio masikioni, na mkono mmoja umeushika ule waya unaoteremka kwenye redio, umeushika hasa, kama unavyoshika kamba ya nguo. Nikapandwa na hasira za ualimu. Nikamsalimu, kisha nikamwambia mlinzi anakaa kando ya ukuta, hapo anaharibu kazi. Akatabasamu, akanipa visikizio.

Mvumo ulikuwa umenyooka. Nikamwambia auachie waya. Akauachia, hakikubadilika kitu. Nikamwambia aushike tena. Wapi. Nikanyoosha mkono wangu mimi, na kabla sijaugusa mvumo ukazama. Nikaurudisha mkono, ukapanda. Nikarudia kama mwendawazimu, mkono wangu, mkono wake, wangu, wake. Niamini, nilitafuta kwanza sababu za fizikia, zote ninazozijua. Zilipoisha ndipo nikatazama chini. Sisi sote Lubunga siku ile tulikuwa na matope. Yeye alikuwa na vumbi jekundu kavu mpaka magotini, na nyayo zimepasuka vibaya.

Je, ungekimbia? Mimi nilivua visikizio.

"Usiogope, ndeko," akasema, akiniita ndugu. "Muliniandika kazi. Njo maana nakuya."

Akanieleza pole pole, kama mtu anayesimulia alivyokosa treni. Mwanzoni mwa vita alitumwa upande wa Ubundu kutengeneza redio ya stesheni, na huko akauawa. Alikuwa amelala, hana shida na mtu. Kisha jina lake likaanza kutoka kila juma. Mtu akiandikwa zamu, akaniambia, hawezi kukaa.

"Treni haiko. Nafuata reli kwa miguu, juma yote. Nikifika, zamu inaisha, narudi. Niko muchovu, ndeko. Mutoe jina yangu."

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia mama yake, yuko pale hatua chache tu. Akasema mama yake hamwoni. Anasikia kibonye cha kaseti kikibonyezwa, basi. Mimi nilimwona kwa sababu tuko wote katika programu.

Nilikwenda jikoni. Utaanzaje kumwambia mama kwamba mwanawe amekufa? Mama Aziza aliniangalia mara moja tu, akasema kwa sauti ya chini kwamba anaona nimemwona.

Alijua. Alijua tangu mfanyakazi mmoja wa reli aliporudi kwa miguu na habari. Maiti haikuletwa, na hakukuwa na kaburi la kwenda kusomea dua. Halafu tukaja sisi na waya wetu, tunauliza nani ataandikwa kazi. Wazee wa kwao husema Alhamisi jioni marehemu hutembelea nyumba zao, lakini yeye alikuwa amengoja Alhamisi nyingi bure.

"Ule mutoto, kumwita kula, hakuya," akaniambia. "Kumwita kazi, hata mvua inyeshe, atakuya."

Basi kila Alhamisi alitandika mkeka mlangoni, akangoja kibonye kilie. Alisema tangu afiwe na mume hajapata raha kama hiyo. Na alikuwa na raha kweli, uso wake ulinionyesha. Nakuapia, nilitaka kunyamaza. Nani mimi nimnyang'anye? Lakini nilikuwa nimeziona zile nyayo, nikamwambia.

"Anakuya kwa miguu?" akauliza.

"Kwa miguu, Mama. Toka Ubundu."

Mchi ukasimama. Alikuwa amedhani ukiitwa unafika tu, kama sauti kwenye redio. Kisha akajifuta mikono kwa kanga.

"Bon. Andika miye."

Kambale hakuniamini, alinishika paji la uso kuona kama nina malaria. Lakini aliandika, na akafanya ishara ya msalaba kabla ya kubonyeza. Ratiba ikatoka kama programu ilivyotaka: Alhamisi, Lubunga, Ramazani anakabidhi, Mama Aziza anapokea. Majina mawili, zamu moja. Umeelewa maana yake? Siku ile mama naye alikuwa ndani ya programu.

Mimi sikuwepo. Nilikuwa Makiso kwenye zamu yangu, na kusema kweli sikutaka kuwepo. Ijumaa alituletea kaseti, tukaisikiliza dukani, Kambale na mimi. Mwanzo mvumo umenyooka, safi, kazi ya Ramazani. Kisha ukazama. Ulizama kuliko nilivyowahi kusikia, kama mtu amemkumbatia aliyeshika waya, na haukupanda tena mpaka kaseti ilipokwisha. Kwa kazi yetu ilikuwa kaseti ya kutupa. Kambale, anayetupa kaseti kwa sababu ya nguo moja ya shemeji, aliitoa taratibu akaiweka kwenye rafu pamoja na rozari yake. Mama Aziza alikuwa amekaa mlangoni macho mekundu, lakini ametulia. Alituuliza juma lijalo aanze saa ngapi.

Akawa mlinzi wetu. Mwanzoni mlinzi mbaya ajabu, alisogea kwenye waya kila wakati. Baadaye alijua tabia za jua kuliko mimi, na askari waliokuja kuuliza maswali aliwapa chai na ndizi za makemba mpaka wakasahau maswali. Mapigano ya mjini yalipofika, waya zilikatika zote na kompyuta ikaenda na paa la duka, lakini sisi watatu tulipona. Amani ya kiasi iliporudi tulianza upya na wanafunzi, programu siku hizi iko kwenye simu na inakubali kumfuta mtu bila makabidhiano, na Lubunga ikabaki kwa Mama Aziza. Ilikuwa miaka mizuri. Nasema hivyo bila haya.

Mwaka jana alifariki, kwa uzee, kitandani kwake, akaswaliwa na mtaa mzima. Habari zilinifikia asubuhi, na kabla ya kuvuka kwenda msibani nilifungua ratiba nimtoe. Jina lake lilikuwepo, Alhamisi, Lubunga. Kidole changu kilikaa juu ya simu. Nilimpenda yule mama, na nyumba yangu ina upweke. Nilijiambia kwamba kutoka makaburini hadi kwenye waya wake si mbali, si kama Ubundu. Nilijiambia mengine pia, mtu mwenye elimu hakosi maneno. Nilipomfuta nililia kama mtoto.

Kwa hiyo sikiliza, wewe unayepanga zamu za kwaya, za soko, za kufagia kanisa au msikiti. Mtu akifa, mtoe siku hiyohiyo. Usiseme nitafanya kesho. Si kwamba atakudhuru. Atakuja kweli, na utafurahi sana, na juma linalofuata utamwita tena.