Video Iliyotumwa kwa Mtu Mmoja

"Mama Riziki, nikuambie ama nisikuambie? Huko sokoni wanasema eti uko unacheza mu eda."

Salima aliyasema hayo akiwa bado mlangoni, kiatu kimoja mguuni, kingine amekwisha kukivua. Alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta. Tangu Asmani, mume wa Wema, azikwe, Salima ndiye aliyekuwa miguu ya Wema huko nje. Aliteka maji, alipeleka bidoni, madumu ya mawese aliyouza Wema, kwenye mabasi madogo ya Bujumbura, maana mjane hatoki hovyo mpaka eda yake iishe.

Wema alikuwa anamtolea mwanawe Riziki vichwa vya ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani. Akacheka kidogo.

"Kucheza? Mimi? Na mguu gani?"

"Iko kwa TikTok. Mama mukwe wako wamemuonyesha. Anakuja leo kisha ya alasiri, na shemeji Rachid. Anasema kama umeshapoa na msiba, urudi kwenu Kabonga ukapoe vizuri. Mutoto abaki."

Ndagala ikamponyoka Wema. Akamvuta Riziki magotini mwake, kana kwamba hao watu wamekwisha kufika.

Wema hakuwa mtu wa kujianika kwenye simu. Asmani, Mungu amrehemu, ndiye aliyemnunulia na kumfundisha. Alimwambia Facebook ni soko, aweke mawese, asiweke uso. Kweli wateja wa Bujumbura na Uvira waliijua rangi ya mafuta yake, ila hakuna aliyejua kama yeye ni mnene au mwembamba. WhatsApp, alisema Asmani, ni nyumba, na hata nyumba ina sebule na chumba. Kwenye kundi la wakwe Wema aliandika dua na "amina", basi. Ya chumbani aliyapeleka chumbani. Na TikTok? "Hiyo ni barabara kubwa," Asmani alisema. "Pita, tazama, lakini usitandike mkeka hapo." Wema hakuwahi kutandika.

"Nionyeshe," alisema.

"Mega zimeisha, shoga."

"Salima. Nionyeshe."

Salima akaitoa simu taratibu kifuani.

Mwanamke wa eda, kitambaa kimefungwa kichwani, kanga imekazwa kiunoni, anazunguka mkeka akiinama, mikono imenyooshwa mbele, nyonga zinakwenda. Muziki ni wa harusi. Juu wameandika: *Mjane wa Rumonge, maisha yanaendelea!* Na vikaragosi vya kucheka, safu nzima. Chini watu wanashindana. Mmoja kasema, "Huyu alikuwa anangojea tu." Mwingine, "Marehemu angefufuka angekimbia."

Wema alijiona, na akaijua siku ile.

Asmani alikuwa mkamuaji wa mawese. Kazi yao ni kuzungusha mashine ya kukamulia kwa mti mrefu, wanaume wanausukuma kifua mbele, raundi kwa raundi, na wimbo wao. Akirudi nyumbani, ananuka mafuta mpaka kwenye nyusi, alimzunguka Riziki pale mkekani kama vile anamkamua, akiimba: *Kamua, kamua, hii ya baba, hii ya mtoto.* Kila raundi, tonge moja mdomoni. Mtoto hakujua kula kwingine. Baba alipoondoka, Riziki akafunga mdomo. Uji akatema, bugali akatema, mbavu zikaanza kuonekana. Ndipo mchana mmoja Wema akaikaza kanga, akausukuma ule mti usiokuwepo, akaimba. Mtoto akamtazama, akamtazama tena, akafungua mdomo.

Simu ilikuwa imeegeshwa kwenye bidoni, inarekodi. Wema alitaka mtu mmoja duniani aone naye. Kwa wakwe isingefaa, wasimwone kanga imepanda. Facebook, hata kidogo. Akamtumia Salima, na maneno: *Shoga, mwanangu amekula.* Kisha akaifuta kwake, maana simu ilikuwa imejaa picha za mafuta.

"Salima."

"Abee."

"Hii video niliituma kwa mtu mmoja."

Salima akaangalia mlango. "Labda wameingia mu simu yako. Siku hizi iko watu wanajua kuingia..."

Wema akamtazama usoni, na Salima akaketi chini.

"Mana yanje, Mungu wangu, Mama Riziki, sikuwaza mubaya. Page yangu iko na watu wachache, nilikuwa natafuta kitu cha kuweka. Nikakata pale pa mutoto, watu hawapendi ndefu. Sauti haikuwa inasikika vizuri, nikaweka muziki."

"Na yale maneno ya juu?"

"Nilitaka wacheke kidogo."

"Wamecheka."

"Nilitaka kufuta, wallahi. Lakini watu walikuwa wanaongezeka, wanaongezeka. Nikasema ngoja kwanza, nitafuta jioni."

"Halafu umekuja hapa kuniambia *wanasema*."

Salima alijifunika uso kwa ncha ya kanga. Wema akayatazama maji kwenye ndoo, maji aliyoteka Salima asubuhi ile. Alikuwa ameyanywa, amemwogesha mtoto nayo. Angeumizwa na mtu wa mbali, angemlaani na kulala. Lakini huyu ndiye aliyeshika kichwa chake siku ya msiba. Huyu aliijua hata njaa ya mtoto wake, na akaikata kwa sababu ilikuwa ndefu.

Adhana ya alasiri ikasikika.

"Nafuta," Salima alisema, akiigusa simu. "Tazama, nafuta sasa hivi, hawataiona tena."

Wema akamshika kiganja.

"Wameshaiona. Ile nzima, yenye mtoto, bado unayo?"

"Ile uliyonitumia?"

"Hiyo. Mimi sinayo tena."

Salima akapandisha mazungumzo yao, akapita salamu, akapita *nimeshakuletea maji*, mpaka akaifikia. Akaigusa. Sauti ya Wema ikatoka, ikikwaruza, bila muziki wa mtu: *Kamua, kamua, hii ya baba.* Riziki akainua kichwa pale magotini, akageuka huku na huku akimtafuta anayeimba.

Nje kulisikika bodaboda ikizima, na sauti ya Bi Batuli, mama mkwe, ikimwambia Rachid amshike mkono ashuke.

Salima akanyanyuka upesi. "Mimi nipitie nyuma. Hii ni mambo ya familia."

"Kaa chini."

"Mama Riziki, atanitukana."

"Ego, ndiyo, atakutukana. Mimi nikijitetea, atasema mjane huyu ana mdomo pia. Lakini wimbo huo wa mwanawe anaujua kuliko mimi, aliusikia kwa mumewe, baba yake Asmani. Kaa hapo mkekani, Salima. Akiingia, umsalimie, umpe simu kwa mkono wako, aione yote tangu mwanzo. Halafu umwambie nani aliikata. Kwa mdomo wako, mbele yangu. Nakuomba."