Bunduki Aliyochaguliwa Mama Kisu

Kuna watu wakikuona dukani unajaribu viatu, watakuuliza vinakubana wapi. Na kuna watu kama shemeji yake Mama Kisu, ambao watakuchagulia viatu, watakufungia na kamba, halafu watakucheka unavyochechemea. Nasema mapema mjue niko upande gani. Habari hii siwezi kuisimulia kwa upole, na wala sitajaribu.

Mama Kisu alikuwa na bucha. Chumba kimoja tu, vigae vyeupe mpaka kiunoni, gogo la kukatia nyama katikati, ndoano darini na bomba la maji lililokuwa likivuja hata ulikaze vipi. Yeye mwenyewe alikuwa mfupi, mifupa myembamba, lakini ukimkuta anatenganisha paja na nyonga kwa kisu kile kirefu, ulikuwa unanyamaza. Jina lilitoka hapo. Siku za kawaida aliuza nyama ya ng'ombe na mbuzi kama bucha lolote. Msimu wa uwindaji ukifunguliwa, wanachama wa klabu ya shabaha walimletea swala na nguruwe pori awachunie, maana waungwana wale walipenda kuua lakini hawakupenda kuchafua mikono.

Na hapo ndipo roho ilipokuwa ikimchafuka. Mnyama aliyepigwa vizuri, risasi inapita kwenye mapafu, anaanguka, yamekwisha. Lakini wale walioletwa bucha! Huyu kapigwa tumboni, huyu mguu wa nyuma unaning'inia, huyu taya halipo. Mama Kisu alikuwa anachuna huku anafoka peke yake. "Sasa huyu alimkosea nani? Kama hujui kupiga, si ubaki nyumbani ule maharage!"

Aliyeongoza kwa kuleta wanyama wa namna hiyo alikuwa Mwenyekiti wa klabu, mume wa dada yake mkubwa. Jitu refu, kifua mbele, sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Kila mara alikuwa na neno. Swala alisogea. Upepo uligeuka. Jua lilimpiga machoni. Kumbe hata jua lilikuwa na ugomvi naye! Mama Kisu alimeza mengi kwa heshima ya dada yake, mpaka siku moja alipoletewa swala jike aliyekuwa na mimba, matumbo yote nje. Alisafisha gogo, akafunga bucha mapema, akaenda klabu kujiandikisha. Aliapa kwamba kabla hajazeeka atampiga mnyama mmoja kwa mkono wake, afe bila kujua kilichompata. Hicho tu ndicho alichokitaka.

Aliyemfundisha alikuwa Kocha, mwanamke wa makamo, mwanajeshi mstaafu, sauti ya kukwaruza na maneno machache. Alimwanzisha kwa bunduki ya klabu, ile waliyoiita Sita na Nusu. Mjue kwamba bunduki za uwindaji hutofautishwa kwa unene wa risasi zake, ndio wanaouita kaliba, na ile ilikuwa milimita sita na nusu. Risasi nyembamba, inakwenda mbali bila kuyumba, na bunduki yenyewe haipigi teke kali begani ikilia. Inatosha kulenga shabaha kutwa nzima, na inatosha kumwangusha swala papo hapo ukiiweka mahali pake. Mama Kisu aliishika kama aliyezaliwa nayo. Haikupita muda mrefu, matundu yake yote kwenye karatasi, kwa mita mia, ulikuwa unayafunika kwa kiganja kimoja.

Ikabaki kununua ya kwake. Sheria za pale zilimruhusu mtu bunduki moja tu, basi, na lazima mwenyekiti wa klabu amdhamini. Ukishainunua, unafanyiwa mtihani kwa bunduki hiyo hiyo mbele ya wanachama. Ukianguka, unasubiri msimu mwingine. Kwa hiyo kuchagua hakukuwa jambo la mzaha. Bunduki moja ilitakiwa ifanye kazi zote, shabaha na mawindo.

Siku ya kununua, Mwenyekiti akajialika. "Namsindikiza shemeji yangu," alisema, kana kwamba shemeji yake haijui njia. Dukani walikuwepo wateja wengine, wanaume watupu, wameegemea kaunta ya kioo wakipiga domo. Mama Kisu hakupoteza muda. Akaonyesha Sita na Nusu iliyotundikwa ukutani nyuma ya muuza duka.

"Nipe hiyo."

"Hiyo?" Mwenyekiti akacheka mpaka kioo kikatetemeka. "Shemeji, hiyo ni ya kutishia kunguru! Mletee Tisa, bwana."

Tisa ilikuwa kaliba ya milimita tisa na ushei, bunduki ya kupigia nyati. Ndiyo aliyokuwa nayo Mwenyekiti mwenyewe. Risasi yake nene kama kidole cha mtu mzima.

"Nyati atoke wapi, shemeji?" Mama Kisu akauliza. "Hapa kuna mashamba ya mahindi na swala wanaoyala."

"Huwezi kujua utakutana na nini. Tena wewe mwili mdogo, ndiyo unahitaji bunduki kubwa ikusaidie."

Sikieni hoja hiyo! Mtu mdogo apewe teke kubwa! Kwa akili hiyo basi mtoto mchanga alishwe kwa sepetu.

Mama Kisu angeweza kulipa na kuondoka. Muuza duka alikuwa ameshaishusha Sita na Nusu, ameshaifuta. Lakini Mwenyekiti akainama, akasema kwa sauti ambayo wote waliisikia, "Au unaogopa?"

Wale wa kwenye kaunta wakachekelea. Na Mama Kisu wetu, mwanamke mwenye akili timamu, aliyejua anachokitaka tangu alipotoka nyumbani, akapandwa na mori. "Nipe hiyo Tisa," akasema. "Kubwa zaidi ya hiyo kama mnayo."

Wahenga walisema hasira hasara, wakamaliza. Simtetei. Neno moja la mtu mjinga, na yeye akaliokota. Mpaka leo nikifikiria siku ile natamani ningekuwepo nimvute kanga.

Risasi ya kwanza ya Tisa ilimsukuma nyuma na benchi lake. Ya pili ilimchubua shavu. Jioni bega lilikuwa limevimba, kesho yake likawa na rangi ya zambarau, na kuinua shoka la kukatia mifupa ikawa kazi ya kuuma meno. Hakumwambia mtu. Wateja wakimwuliza mbona anakata kwa mkono wa kushoto, alisema amechoka kuutumia wa kulia. Alirudi uwanjani wiki baada ya wiki, na wiki baada ya wiki matundu yake yalizidi kutawanyika. Mara juu kulia, mara chini kabisa, mara karatasi yenyewe haijaguswa. Akalaumu darubini. Akalaumu risasi. Siku moja akajisikia anasema, "Ni huu upepo," akanyamaza ghafla, maana maneno yale aliyajua yametoka kinywani mwa nani.

"Unashtuka," Kocha alimwambia.

"Sishtuki."

"Mama Kisu, bega lako linaujua uchungu kabla haujaja. Unafumba macho, unavuta bunduki chini, halafu ndipo inalia. Irudishe dukani."

"Sirudishi. Nirudishe wanicheke?"

Kocha akaenda kubandika karatasi mpya.

Mtihani ukafika asubuhi moja ya mawingu. Wanachama walikaa kwenye viti vya plastiki nyuma ya mstari, dada yake Mama Kisu akipita na chupa ya chai kama kawaida yake, mwanamke mpole asiyesikika. Pale klabu walikuwa na desturi yao. Anayepimwa hajazi bunduki mwenyewe, anajaziwa na mpimaji kwa siri, na katikati ya risasi nzima mpimaji anaweza kuchomeka risasi bubu, yaani isiyo na baruti. Ukifyatua hiyo, hakuna mlio wala teke. Bunduki ikitulia, wewe ni mpigaji. Ikicheza, umejianika. Mpimaji alikuwa Mwenyekiti.

Risasi ya kwanza ya Mama Kisu ililia, ikatoboa pembe ya karatasi. Ya pili ikasema *ta!* tu, kama mtu aliyevunja kijiti. Na mtutu ukainama mpaka majani, kama kuku anayedonoa punje.

Vicheko viliruka. Mwenyekiti alijipiga paja. "Si nilisema? Si nilisema mimi? Bunduki na wanawake wapi na wapi!"

Alisema? Alisema lini? Nani aliyemkabidhi bunduki ile? Nani aliyemcheka alipochagua ya saizi yake? Jamani, mtu anakusukuma mtoni, halafu anasimama ukingoni kuwatangazia watu kwamba hujui kuogelea!

Mama Kisu aliilaza bunduki kwenye benchi. Alipoinuka, macho yalikuwa makavu.

"Ndiyo, naogopa," akasema. Vicheko vikapungua. "Hii bunduki inaniumiza, na naiogopa tangu siku ya kwanza. Niliinunua kwa sababu ya kuchekwa. Nilikuwa mjinga, nimekubali. Sasa, shemeji, kaa wewe."

"Mimi nimeshapimwa zamani."

"Kaa tukuone. Bunduki ni kaliba ile ile."

"Mimi ndiye mwenyekiti wa klabu hii!"

"Benchi halijui cheo," Kocha akakwaruza kutoka nyuma, na tayari alikuwa ameshika Tisa ya Mwenyekiti, amewageuzia watu mgongo, anaijaza.

Angekataa, wangeshangaa. Akakaa. Akavimbisha kifua, akapiga ya kwanza, mlio ukaenda mpaka vilimani, ikagonga karatasi pembeni kidogo. Akageuka akatabasamu. Akafyatua ya pili.

*Ta.*

Loo! Mtutu haukuinama, ulipiga mbizi. Bega lilirudi nyuma, shingo ikazama, macho yamefumbwa kama mtoto anayepigwa sindano, na kwa kuwa hakukuwa na mlio wa kuyafumbua, aliendelea kuyafumba huku uwanja mzima ukimtazama. Hakuna aliyecheka. Kilichosikika ni dada mtu, aliyesimama na chupa yake ya chai.

"Miaka yote hii nakukanda bega hilo," akasema polepole, "ukiniambia umelilalia vibaya."

"Risasi mbovu hiyo!" Mwenyekiti akaruka. "Kocha kanitilia uchafu!"

Nyani haoni kundule. Aliondoka na gari lake vumbi likipanda, mkewe akarudi nyumbani kwa miguu na Mama Kisu.

Mngependa niseme haki ikatendeka. Haikutendeka! Mama Kisu alihesabiwa ameanguka mtihani, kanuni ni kanuni, hakuna mawindo mpaka msimu mwingine. Akairudisha Tisa dukani mbele ya vicheko vile vile, akachukua Sita na Nusu. Lakini mwili ukishajifunza hofu hausahau kwa kubadilishiwa bunduki. Ikabidi aanze upya, kila jioni, Kocha akimchanganyia risasi bubu, mtutu ukicheza, tena, na tena. Na Mwenyekiti je? Hakuanguka popote, kwa kuwa hakuna kanuni ya kumpima mwenyekiti. Msimu ulipofunguliwa akaenda zake porini na Tisa yake begani. Mimi nilidhani baada ya kuonekana na watu wote vile atakuwa na haya. Haya! Ananunua duka gani?

Siku ya tatu gari likarudi nyuma mpaka mlango wa bucha. Mwenyekiti akashusha swala dume, akamtupa juu ya gogo. Tumbo limepasuka.

"Alisogea," akasema.

Mama Kisu aliosha mikono bombani, akaikausha kwa taulo. Kisha akaenda akafunga mlango wa bucha kwa ndani, akachukua kisu kirefu, akamgeuzia mpini.

"Mchune."

"Mimi?"

"Mnyama ni wako. Mimi sichuni tena mnyama wa bunduki hiyo."

"Shemeji, acha utani."

"Sina utani na wewe leo. Shika, anzia kifuani."

Sijui kwa nini alishika. Labda ni mlango uliofungwa, labda ni uso wa Mama Kisu. Alikata vibaya. Utumbo ulipomwagika na harufu ikampanda puani, akageuza uso pembeni.

"Tazama," Mama Kisu akasema. "Hapo ndipo risasi ilipoingia. Alikimbia umbali gani huyu?"

"Sijui. Si mbali. Tulimpata tu."

"Hujui. Mimi najua." Akabandua ngozi ya paja kwa vidole, nyama ya ndani ikaonekana, nyeusi, inanata. "Mnyama aliyeanguka papo hapo nyama yake ni nyekundu. Hii ni ya mnyama aliyekimbia na tumbo wazi mpaka nguvu zikamwishia. Tangu asubuhi, pengine. Na wewe nyuma yake, umefumba macho."

Mwenyekiti aliweka kisu. Safari hii hakutaja upepo wala jua. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kidevuni.

"Shemeji," akasema mwishowe, sauti ndogo, "ningewaambia nini watu? Kwamba naogopa bunduki?"

"Mimi niliwaambia. Sikufa."

Akaokota kisu, akamrudishia mkononi.

"Endelea. Bado upande wa pili."