Unga wa Kufungulia Kisiwa

Mtu asikudanganye kwamba Levina ni mama mpole. Anauza samaki wakavu sokoni Ifakara, anacheka na kila mteja, Jumapili yuko kwaya. Lakini mkosee uone! Muulize Valentino, mtoto wa kaka yake.

Katikati ya mto Kilombero kuna kisiwa cha ukoo wao. Kila mwaka mafuriko yakipungua, hakanyagi mtu mpaka mwanamke mkubwa wa ukoo atwange mchele mpya, anyunyize unga pale mitumbwi inapofikia, awaamkie waliozikwa huko. Kinu kimoja, mara moja kwa mwaka. Unga ukiharibika, basi mpaka mwaka ujao. Siku hizi mwanamke huyo ni Levina.

Valentino alipotaka kupeleka watalii wakaangalie ndege na viboko, wazee walikataa. Levina ndiye aliyemtetea. Alisema wageni wakivua viatu na wasipokata miti, vijana watapata kazi na mila itabaki. Akamfungulia kisiwa. Kumbe shukrani ya punda ni mateke! Siku Levina alipokwenda kisiwani kupalilia kaburi la mama yake, alikuta msalaba umeegemezwa nyuma ya jiko la kambi ya Valentino, na juu ya kaburi kimesimama choo cha watalii. Valentino alimweleza kwamba wageni hawapendi kula huku wanatazama kaburi. Bibi yake mwenyewe, aliyembeba mgongoni! Levina alirudi na msalaba ndani ya mtumbwi, akauweka chumbani kwake, na kila asubuhi akiutazama alimchukia Valentino upya.

Mwaka huu maji yalipopungua, wageni walikuwa tayari hotelini Ifakara. Wapiga kasia wakamwambia Valentino neno moja tu: unga kwanza. Akaja kwa shangazi yake na kanga na sukari, shikamoo zisizoisha, akiahidi choo kitahamishwa wageni wakishaondoka. Wakishaondoka! Angesema anakwenda kukibomoa leo, pengine Levina angelegea.

Alimkaribisha kiti. Akatwanga mchele mbele yake, akachekecha, bila haraka. Valentino akapiga simu, akawaambia wageni wafunge mizigo.

Levina akabandika sufuria. Maji yalipochemka akamimina unga wote, akashika mwiko, akasonga. Valentino alisimama, simu bado sikioni.

"Shangazi, unafanya nini?"

Levina alijua anachojinyima. Mwaka mzima naye asingekanyaga kule, na kile choo kingebaki juu ya mama yake. Ilimuuma. Lakini alipomwona Valentino anaikata simu ya wageni, moyo wake ulipata raha ambayo hakuionea haya. Akapakua, akamsogezea maji ya kunawa.

"Nawa, mwanangu, ule. Mwaka huu hakuna atakayekwenda haja juu ya bibi yako."