Beji Niliyoisugua Nyuma

Nakumbuka siku moja ya mvua, ingawa hapa Tukuyu ukisema siku ya mvua hujasema siku gani. Nilikuwa kijana, mwanangu, beji zangu za kwanza zinaenea kwenye kopo moja la majani ya chai: mbili za kofia za polisi wa zamani, moja ya mgambo. Hiyo ya mgambo alinipa Mama Tumpe wa Lupepo, mjane. Mumewe, Ambakisye, aliivaa mpaka alipofariki. "Nitunzie," aliniambia, "nyumba yangu inavuja. Tumpe akikua tutaifuata."

Weka hiyo dawa ya meno chini unisikilize! Chini, nimesema. Ninyi mkiona kitu cheusi mikono inawawasha kukisugua.

Na mimi nilikuwa hivyohivyo. Nikatafuta majivu na ndimu (ndimu nilizifuata kwa miguu mpaka sokoni, si kama ninyi mnaopanda bodaboda hata kwenda kwa jirani), nikasugua mbele, nikasugua nyuma, siku mbili nzima. Ikang'aa. Nikajiona fundi.

Miaka ikapita, na siku hiyo ya mvua Mama Tumpe akaja na binti yake, ambaye baba yake alifariki yeye akiwa tumboni. Nikaitoa beji kwa mbwembwe. Mama hata mbele hakutazama. Akaigeuza.

"Jina liko wapi?"

"Jina gani, mama?"

"La baba yake. Alilikwaruza kwa msumari, kofia zisichanganyike. Kuandika alijifunza ukubwani, na jina lake tu ndilo aliloliweza. Nimemleta mtoto aone mwandiko wa baba yake."

"Nilikuwa naisafisha, mama..."

"Ulisafisha nini? Ambakisye alikuwa uchafu?"

Tumpe akapitisha kidole nyuma ya beji, polepole, akarudia tena. Laini kama ganda la yai. Mama yake akasema, "Ungeiuza, ningejua pa kwenda kuitafuta." Wakaiacha mezani, wakatoka kwenye mvua. Chai nilikuwa nimeshaiweka jikoni. Hawakuinywa.

Na beji yenyewe ndiyo hiyo uliyoipiga picha leo, eti ndiyo nzuri kuliko zote! Nikuambie mara ngapi? Nachoka, mwanangu.

Basi sikiliza. Ukikusanya beji hizi za mji wetu, usianze na kitambaa. Igeuze kwanza. Uliza ilikaa kwenye kofia ya nani, uandike kwenye daftari. Mimi niliyeishia darasa la nne naandika, wewe wa chuo unashindwa nini? Weusi wake uache, haukuombi chakula. Na uliyopewa kutunza bado ina mwenyewe, hata akichelewa kuja. Hiyo dawa ya meno kapigie mswaki.

Mungu akujalie mikono isiyo na haraka, na wenye vitu vyao wakija kwako wavikute kama walivyoviacha, wakae, wanywe chai yako mpaka iishe. Ndaga, asante kwa kunisikiliza, mwanangu.