Majana ya Nyangezi

Majana, wale watoto wa nyuki, wakifa kwa joto hunuka kama maziwa yaliyochacha, na harufu hiyo huchanganyika na utamu wa nta. Niliijua nikiwa na miaka tisa, kule Nyangezi, ambako mama yangu, mwalimu wa shule ya msingi, alifuga nyuki katika mizinga sita aliyoiezeka kwa mabati mapya. Kiangazi kile jua lilituwakia kwa namna ambayo hata wazee hawakuizoea. Mchana mabati hayakushikika. Ndani, masega yalilegea yakaanguka, na kila asubuhi nyuki waliburuta majana meupe, laini, wakayatupa nje. Waliobahatika kukua walitoka na mabawa yaliyokunjamana. Walitembea nyasini wakitetemeka mpaka siafu wakawachukua. Wahenga walisema fuata nyuki ule asali. Hawakusema ufanye nini ukiwafuata ukakuta msiba.

Tonton, mdogo wake mama, aliyemwita Yaya, yaani dada mkubwa, alikuja na kiberiti.

"Yaya, hii nyuki imekwisha. Tuchome mizinga, tupande muhogo."

"Hauchome kitu hapa!" mama alimjibu. "Ni hii bati yangu njo inaua batoto ya nyuki, na ni mie niliiweka."

Palepale, juani, akaanza kuyang'oa mabati. Yalimuunguza viganja, hakuacha. Wiki nzima tulikata nyasi, tukaezeka upya, tukaihamishia mizinga kivulini, chini ya miparachichi. Mimi nilipanda na kushuka kilima nikichota maji ya kuwawekea nyuki kwenye sahani zenye kokoto. Majirani walicheka kwamba mwalimu anawajengea wadudu nyumba, na nakiri, nilimwonea mama aibu. Nyuki wa mizinga minne walihama. Miwili ikabaki. Baada ya majuma matatu mama alituita tumwone nyuki mchanga, bado ana manyoya ya kijivu, akinyoosha mabawa mazima. Akaruka. Tonton alichukua panga, akaenda kukata nyasi zaidi.

Leo nafanya kazi ofisini Bukavu, na joto la sasa limelishinda lile la utotoni mwangu. Mikutanoni nawasikia wasomi wenzangu wakisema wafugaji wa nyuki watafute kazi nyingine. Waseme. Kila Jumamosi nashuka Nyangezi, ambako mama, miguu imemchoka, ananielekeza akiwa kitini. Mwaka jana joto lilituulia mizinga mitatu. Tukachonga minne.