Nyirinyiri ya Ndugu Wawili

Nakumbuka asubuhi ya Idi moja, mwanangu, nikiwa bado msichana mdogo, kambi yetu ikiwa karibu na Balambala. Mvua ilikuwa imechelewa, na baba yangu alikuwa amegombana na mdogo wake, Diriye, juu ya zamu ya kunywesha ngamia kisimani. Tangu hapo hawakusalimiana.

Nyanya yetu, tuliyemwita Ayeyo, alikuwa ametengeneza nyirinyiri: nyama ya ngamia iliyokatwa vipande vidogo, ikaanikwa, ikakaangwa, ikazamishwa kwenye samli yenye iliki. Aliitia chomboni, akakifunga kwa kamba ya ngozi, akasema hakifunguliwi mpaka wanawe wote wawili wakae pamoja.

Watu waliporudi kutoka kuswali, Diriye hakuonekana. Kambi yake haikuwa mbali. Moshi wake tuliuona.

"Mfuate ndugu yako," Ayeyo alimwambia baba.

"Hooyo, mama, siku ya Idi mdogo ndiye humjia mkubwa. Nikienda mimi, hata ngamia watanicheka."

"Ngamia walikwisha kukucheka pale kisimani."

Wanawake wakaangua kicheko. Baba hakucheka. "Nyirinyiri haiozi, mama yangu. Tutaila pamoja Idi Kubwa."

Siku hiyo Ayeyo alikula mkate wa anjera na chai tu, na kila mtu alipopita nje, yeye aliinua kichwa kutazama kama ni Diriye.

Hapo ndipo tulipodanganyika, mwanangu. Wenye nyama ya kuharibika kesho huwaita wenzao leo. Yetu hukaa miezi, nasi tukadhani kila kitu hukaa. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo.

Kabla ya Idi Kubwa homa ilimshika Ayeyo, na haikumwachia. Diriye, ambaye kambi yake ilikuwa imekwisha kuhamia mbali, alikuja mbio, akawakuta wanaume wanarudi kutoka kaburini. Waombolezaji walikuwa wengi, chakula hakikutosha, kwa hiyo mama yangu mzazi akakata ile kamba ya chombo cha nyirinyiri. Ndugu wawili wakakaa mkeka mmoja. Harufu ya iliki ilikuwa kama ya siku ile ile.

"Bado nzuri," Diriye alisema taratibu. Kisha akaongeza, "Siku ya Idi nilivaa nguo safi tangu alfajiri. Nilingoja unitumie hata mtoto, walaal, ndugu yangu."

Baba alikuwa na kipande mkononi. Alikirudisha kwenye sinia, akaisogeza mbele ya mdogo wake.

Mpaka leo najiuliza: kama mama yangu angemsisitizia baba aende? Kama ningekwenda mimi mwenyewe, bila kutumwa? Labda nafikiri kupita kiasi. Lakini majuto ni mjukuu, na mjukuu wa Ayeyo ni mimi.

Basi nisikilize. Siku ya Idi usipime nani mkubwa na nani alikosewa. Ukiuona moshi wa ndugu yako, nenda. Huenda kweli ni yeye aliyepaswa kuja. Haki hiyo unayo, nawe iache. Mkikosa la kusema, kaeni kimya, mle. Mama yenu hahitaji maneno yenu. Anataka kuona mikono yenu ikikutana kwenye sinia moja, naye angali hai, anaona.

Mwenyezi Mungu aulainishe moyo wako mapema, akupe miguu isiyoona haya kutangulia, na amweke mama yako mpaka awashibishe nyote. Amin.