Pole kwa Msiba wa Mama

Studio yake ilikuwa kabati la nguo. Kila Jumamosi asubuhi mwandishi alijibanza humo, makoti yakimmezea mwangwi, simu gotini, akawasomea wasikilizaji wa podikasti yake riwaya ambayo maduka ya vitabu yaliipanga rafu ya chini kabisa. Podikasti ilimpa kile alichonyimwa na maduka, yaani wasomaji. Ila wasomaji wenyewe, tuseme ukweli, aliwapata kwa uongo.

Mambo yaliharibikia sura ya tisa, pale mama wa msimulizi anapofia hospitalini, mwanawe amemshika mkono. Mwandishi alipoisoma sauti ilimkwama. Msikilizaji mmoja akamwandikia: "Pole sana kwa kumpoteza mama." Ilikuwa rahisi kujibu kwamba hicho ni kitabu tu, mama yake yu mzima wa afya. Akajibu, "Ahsante." Basi habari zikaenea, wasikilizaji arobaini wakawa elfu mbili, kila mmoja na pole yake, naye akazipokea zote kama mfiwa halali. Kila pole ilimchoma, na hakuacha kuzipokea.

Mama aliishi mwendo wa saa moja tu kutoka hapo. Kwa miezi minane mwandishi hakukanyaga kwake. Angemtazamaje usoni mtu aliyekwisha kumzika?

Sasa, alikuwa na mtindo mmoja aliojivunia sana: ujumbe wa sauti wa wasikilizaji hakuusikiliza kabla. Aliufungua palepale akirekodi, ili mshangao wake uwe wa kweli. Jumamosi hiyo akafungua wa tatu.

"Mwanangu, hujambo? Ni mimi, mama. Dada yako amenifundisha kusikiliza kipindi chako, sijakosa hata kimoja. Pole kwa msiba." Akakohoa kidogo. "Nauliza tu nilizikwa wapi, maana jirani yangu fundi cherehani anataka kutoa rambirambi, hajui aje kwako au kwangu."

Mwandishi alitaka kucheka, kicheko kikagoma.

"Lakini umenisimulia vizuri. Eti umenishika mkono mpaka nikakata roho! Nililia, mwanangu. Nikajiambia, kumbe ningekufa ningemwona."

Kidole kikaenda kwenye kitufe cha kufuta. Nani angejua? Mama asingesema. Tangu utotoni mama hakuwahi kumchongea kwa mtu, na hilo ndilo lililomshinda. Akaiacha simu irekodi, akawaambia wasikilizaji wake yote bila kujipamba, akakirusha kipindi pasipo kukata hata neno moja. Kisha akatoka kabatini, akavaa viatu.

Alimkuta mama sebuleni anapiga pasi, waya wa simu ukining'inia sikioni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ngoja kwanza, nipo pale unapoomba radhi."

Mwandishi akasimama mlangoni kama mwanafunzi aliyechelewa, akingoja sauti yake mwenyewe imalize kusema. Ilichukua muda. Mama hakumwambia amemsamehe, wala hakugomba. Alisimamisha pasi pembeni, akautoa waya sikioni, akanyoosha mkono.

"Haya," akasema, "ushike ukiwa bado una joto."